Bwawa Halina Maji, Mume Hana Hela

Jamani, lile bwawa la kuogelea lilikuwa na chura. Siyo maji yenye chura ndani yake, la hasha. Maji hayakuwepo kabisa. Kulikuwa na majani makavu ya mkungu, kiti kimoja cha plastiki kimelala chali, na chura mmoja kwenye kijidimbwi cha mvua kule upande wa kina kirefu, ametulia kama yeye ndiye mwenye hoteli. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa ameshavaa nguo ya kuogelea ndani ya gauni. Ameivaa tangu Dodoma. Tangu Dodoma, mpenzi msomaji! Alisimama ukingoni akachungulia, kisha akaniangalia mimi. Na mimi nikamwangalia baba yake.

Baba Junior akajikohoza. "Si bahari ipo pale?" akasema.

Ilikuwa Juni 2025, Bagamoyo, na hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yetu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Safari yenyewe ilikuwa ya Bibi, yaani mama mkwe wangu. Ni mtu wa Mpwapwa, ana miaka 71, na Pasaka ya mwaka huo alikuwa kwetu kwa ajili ya kliniki ya macho. Siku moja watoto wanaangalia TV, ikaonyeshwa bahari, Bibi akauliza, "Hivi ng'ambo yake inaonekana?" Junior akacheka, akasema haionekani. Bibi akasema tu, bila kulalamika, "Haya. Mimi sijawahi kuiona." Akaendelea kuchambua mchicha wake.

Usiku ule Baba Junior hakulala vizuri. Yeye ni mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza wa kiume na mama yake unawajua wewe. Alfajiri akaniambia shule zikifungwa tunampeleka mama baharini, sote, siku tatu. Mimi nikasema amina, haraka sana kabla hajabadili mawazo. Maana niseme ukweli, miaka kumi na tano ya ndoa hoteli pekee niliyowahi kulala ilikuwa ya semina, tena tulilala wanawake wawili chumba kimoja na mwenzangu anakoroma.

Baba Junior ndiye alitafuta hoteli. Akanionyesha picha kwenye simu: bwawa la bluu, miavuli, mnazi mmoja umeinama kama umepangwa na mpiga picha. Mimi nikafanya nini? Nikazichukua zile picha nikaziweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Saluni nikatangaza. Kazini nikatangaza. Shoga yangu mmoja akaniuliza ni shilingi ngapi kwa siku, nikamwambia mambo ya hela mwulize shemeji yako. Kumbe mwenyewe sikuuliza. Ningeuliza ningejua kwamba ni elfu thelathini na tano chumba, na ningejiuliza ni bwawa gani hilo la bluu la elfu thelathini na tano.

Tulipanda treni ya SGR asubuhi. Ile njia ya Dodoma hadi Dar ilianza kubeba abiria Julai 2024, na kwa familia kama yetu ni mkombozi, maana kwa basi na mtoto mdogo siku nzima inaishia barabarani. Nauli daraja la kawaida elfu thelathini na moja mtu mzima, watoto nusu, kitindamimba wetu wa miaka mitatu bure. Jumla ilikuwa 139,500 kwenda tu, na niliona Baba Junior anavyozihesabu zile noti mara mbili, mara tatu. Nikadhani ni umakini. Bibi alishika mkono wa kiti kwa nguvu, na tulipoingia kwenye mahandaki kabla ya Kilosa, giza likatanda, akasema kwa sauti behewa zima likasikia, "Mnanipeleka baharini au kaburini?" Watu walicheka mpaka Morogoro.

Dar hatukukaa. Makumbusho, Kosta ya Bagamoyo, mizigo juu ya magoti, Tegeta, Bunju, Mapinga, joto. Halafu bajaji mbili. Halafu chura.

Sasa vyumba. Tulichukua viwili. Kimoja Bibi na watoto wakubwa wawili, kingine sisi na kitindamimba. Mlango wa kwetu ulikuwa unafungwa kwa kuunyanyua na kuusukuma na bega, na ukishafunga huna uhakika kama utafungua. Neti ilikuwa na matundu, ila matundu yamefungwa mafundo, kwa hiyo imekuwa fupi, haifiki godoro. Shuka ukivuta huku linatoka kule. Mlango wa bafuni ulitolewa, likawekwa pazia. Maji yanatoka saa mbili asubuhi hadi saa nne, mengine ni ndoo. Kiyoyozi kipo, lakini rimoti ni moja kwa hoteli nzima, inakaa mapokezi, unaiomba, unawasha, unairudisha. Sitanii. Kijana mmoja aliyevaa jezi ya Yanga alikuwa anapita nayo chumba kwa chumba kama mtu anayegawa dawa ya mbu.

Kule kwa Bibi kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji katikati ya kitanda. Wakasogeza kitanda, wakaweka ndoo. Nikamwambia Bibi pole, mama, tutaomba wabadilishe. Akasema, "Cha nini? Maji yanaingia ndani yenyewe, kwangu nayafuata."

Nikatoka nje nikiwa nimevimba kama andazi. Nikamkuta mlinzi, mzee mmoja mwenye kofia, anakula muhogo. Nikamwuliza hii hoteli imepatwa na nini. Akaniambia mwenyewe alifariki, watoto wanavutana mirathi, na wakati wanavutana bahari haiwasubiri. "Chumvi, mama," akasema. "Upepo wa hapa una chumvi. Inaingia ukutani, inakula nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, inapasua zege kutoka ndani. Nyumba ya pwani huiachi hivi hivi." Akanionyesha nguzo ya varanda, imepasuka kwa urefu, chuma chekundu kinaonekana kama mfupa.

Najua unachotaka kusema, msomaji. Kwamba ndoa nayo iko hivyo. Magazeti haya tunayasoma wote. Lakini mimi siku ile sikuwaza ndoa, niliwaza stetasi yangu. Watu arobaini na mbili walikuwa wameshaiangalia.

Hatua kama mia tatu kutoka pale, ufukweni huo huo, kulikuwa na hoteli nyingine. Nilikwenda kuichungulia nikijifanya natafuta vocha. Bwawa lina maji. Taulo zimekunjwa zikawa bata. Nikauliza bei, wakaniambia chumba laki moja na nusu. Nikarudi mbio kwa Baba Junior, nikamwambia tuhame, hapa Bibi atapata nimonia. Akasema hapa panatosha. Nikasema wewe unasema panatosha kwa sababu hukuingia bafuni. Akasema, "Mama Junior, nimesema panatosha." Halafu akatoka, akaenda kukaa kwenye ukingo wa bwawa lisilo na maji, miguu inaning'inia, kama mtu anayesubiri lijae.

Umewahi kugombana kwa kunong'ona? Ni kazi ngumu. Nyumbani nikikasirika nina jikoni, nina sufuria za kubamiza. Pale chumba kimoja, mtoto kalala katikati yetu, ukuta mwembamba kiasi kwamba Bibi akigeuka kitandani unamsikia. Saa tano usiku nikaanza. Nikamwambia kwa nini unatudhalilisha. Nikamwambia mwaka mzima huu umekuwa bahili, nyama umepunguza, sare za shule umechelewesha, na leo umetuleta kwenye hoteli ya chura. Nikamwambia, na hili lilikuwa limenikaa moyoni tangu Februari, kama kuna mwanamke unamhudumia niambie.

Kimya. Mbu mmoja akapita. Nikadhani kalala.

Kisha akasema, "Nilimdhamini mtu."

Si rafiki wa kambo huyo, ni rafiki hasa, mtu aliyesimama bega kwa bega na sisi siku ya harusi, kwa hiyo simtaji. Alikopa kwenye Saccos ya kazini, akahitaji wadhamini watatu, Baba Junior akasaini. Ile sahihi watu wanaichukulia kama kusaini daftari la wageni. Siyo. Ukisaini umesema kwamba asipolipa utalipa wewe. Yule bwana akaacha kazi, akahama mji, simu haipatikani, na kuanzia Januari chama kikageukia wale watatu. Mume wangu alikuwa anakatwa 185,000 kila mwezi. Bado angeendelea kukatwa mpaka Machi 2026.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilitaka kupiga kelele, ikatoka kama mluzi.

"Ningekwambia nini? Ungesema si nilikwambia."

Na kweli ningesema. Nilishawahi kumwambia yule rafiki yake ni mwepesi wa mdomo. Nililishika lile neno kwenye ulimi, likanichoma, nikalimeza. Akaendelea, sauti yake imeshuka kabisa. Akasema hela ya safari aliikusanya kidogo kidogo kwenye posho, akatafuta hoteli ya bei hiyo kwa wiki mbili, na picha aliziona ni za zamani lakini akajipa moyo. Kwamba kama angemsubirisha mama mpaka deni liishe, macho yale daktari hakumwahidi chochote.

Ukuta wa pili Bibi akakohoa.

Sasa hapa ndipo pagumu kuandika. Mpaka hapo unanionea huruma, au unamwonea yeye. Lakini wakati mume wangu anasema hayo, mkoba wangu ulikuwa kwenye msumari juu ya kichwa chake. Ndani ya mkoba, chini ya bitana iliyofumuka, kuna kitochi changu cha zamani chenye laini ya pili ambayo hakuwahi kuijua. Na kwenye ile laini kulikuwa na shilingi 1,860,000.

Siyo za wizi wala za mwanaume. Ni za kikoba. Nilianza kununua hisa mwaka 2016, elfu mbili mbili, kila Desemba tukigawana naziweka kule. Mama yangu aliachwa na watoto wanne mwaka 1994, hana hata nauli ya kurudi kwao. Mimi nilikuwa mkubwa wao, nakumbuka alivyouza khanga zake doti kwa doti ili tupande basi. Kwenye kicheni pati yangu somo alifundisha mengi, mengine nimeyasahau, mengine nisingeyaandika hapa, ila moja alilirudia mara tatu: mwanamke asikose akiba yake, na akiba siyo ya kuonyesha. Wanawake wote mle ukumbini wakapiga vigelegele. Mimi nililia, nikimkumbuka mama na lile basi.

Kwa hiyo nililala pale macho kwenye dari, nikihesabu. Vyumba viwili, laki moja na nusu, siku tatu. Laki tisa. Ningeweza kunyanyuka asubuhi nikatuhamisha wote kwenye taulo za bata. Ila ningehama na jibu la swali moja tu: hela umepata wapi? Na kutoka hapo, tangu lini? Nimemsema mume wangu bahili kwa miezi sita huku mimi nimekalia milioni. Nikamsikia anapumua, hajalala. Nikageukia ukutani. Sikusema kitu. Ndiyo, nilinyamaza, na sijisifu.

Asubuhi tuliamshwa na kelele za Junior: "Mama! Bahari imeondoka!"

Tukatoka mbio. Na kweli haikuwepo. Jioni tulipofika maji yalikuwa yanapiga mpaka karibu na ukuta wa hoteli, sasa kuna mchanga na tope mpaka macho yanaishia, madau yamelala ubavu, akina mama wameinama mbali huko wanachokonoa kitu. Binti yangu akaanza kulia, safari hii kwa sauti. Kwanza bwawa, sasa bahari yenyewe. Yule mlinzi akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akatueleza kwamba mwezi umekomaa, ni bamvua, siku hizo maji yanajaa sana na yanatoka sana. Yamepwa saa nne asubuhi, saa kumi jioni yatakuwa yamerudi, na kesho kila kitu kitachelewa kama dakika hamsini hivi. Alieleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa jiografia.

Bibi hakusubiri saa kumi. Alivua malapa, akakunja khanga mpaka magotini, akaanza kuifuata bahari. Miaka 71, macho yana ukungu, anatembea tu kwenye lile tope kuelekea pale panapong'aa, wajukuu nyuma yake mstari mmoja. Baba Junior akaniangalia, nikamwangalia, tukakimbia nyuma yao. Tulitembea kama robo saa. Alipofika maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akasimama. Hakusema kitu muda mrefu. Akainama, akachota kwa kiganja, akaonja.

"Kumbe ni kama ya kisima chetu," akasema. "Yamezidi kidogo tu."

Mwanaye alicheka, kisha akageuka upande mwingine akapangusa uso kwa shati. Nilimwona. Alivyomhangaikia mama yake kwa zile posho, na mimi usiku nilivyomwita bahili... Basi tu.

Siku ya pili sitaieleza yote. Tulikwenda magofu ya Kaole, pana msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, na Junior alipiga picha mia. Tulikwenda misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, mahali mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar kuelekea Uingereza. Bibi alikuwa na swali moja tu kuhusu Livingstone: ilikuwaje watu wambebe safari yote ile kwa miguu asiharibike? Kijana aliyetutembeza akamwambia walitoa matumbo, wakatia chumvi, wakamkausha kwa jua. Bibi akatikisa kichwa. "Kama ng'onda," akasema.

Jioni tukaenda soko la samaki. Moshi, mafuta yanalia kwenye makarai, changu na vibua vimepangwa kwenye masinia. Watoto wakawa wanaelekeza vidole kila upande. Baba Junior akatoa pochi, akaangalia ndani, akaomba samaki wawili wa kugawana watu sita. Akawa anajifanya hana njaa.

Mimi nilikuwa na mkoba begani. Nilikuwa nasikia kile kitochi kama jiwe.

Bibi akafungua pindo la khanga. Fundo dogo, gumu, kalifungua kwa meno. Akatoa noti tatu za elfu kumi zilizokunjwa mpaka zimekuwa kama karanga, akamwambia yule mama mkaangaji, "Tupe na wale wakubwa, na pweza mtutilie." Mwanaye akashtuka. "Mama, hela umetoa wapi?" Bibi akamwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Unataka kujua ili ufanye nini?"

Akageuka, akaniangalia mimi, si kwa muda mrefu. Sijui alikuwa na maana gani. Ukuta wa ile hoteli nimeshawaambia ulivyokuwa. Tukala mpaka mikono inanuka mpaka kesho yake, na ndiyo samaki watamu kuliko wote niliowahi kula maishani, pamoja na ule wa kwenye ile semina uliotiwa sosi.

Siku ya kuondoka ndiyo ilivunja fundo langu mimi.

Baba Junior alikuwa ametanguliza elfu sabini, imebaki laki moja na arobaini, anazo, amezifunga kwa raba. Nikiwa nafunga mabegi nikasikia kishindo. Junior aliegemea sinki akipiga mswaki, sinki likang'oka na ukuta wake. Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini dada wa mapokezi, ambaye kwa siku tatu hakuharakishwa na kitu chochote, siku ile alifika kwa kasi ya zimamoto. Sinki elfu sitini. Baba Junior akasema lile sinki lilikuwa linasubiri mtu tu, ukuta umeoza. Akasema bosi atamkata yeye. Wakabishana. Yule binti akaanza kulengwa na machozi, na mimi nikaamini kwamba kweli atakatwa, kwa sababu nilikuwa nimelala siku tatu na mtu anayekatwa kwa kosa la mwingine.

Mume wangu akafungua raba, akahesabu. Akatoa na zile za nauli ya Kosta. Akageuza mifuko. Mama yake amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama bahari, au anajifanya.

Nikafungua bitana.

Nililipa kwa namba ya malipo ya hoteli, laki mbili kamili, deni lote na sinki. Kitochi kikalia. Nilikuwa nimeshapanga, nitasema ni hela ya kikundi nimeshikilia tu. Lakini yule dada akasema anahitaji kunakili kumbukumbu namba, akaichukua simu mkononi mwangu kabla sijasema neno, akaanza kusoma ule ujumbe kwa sauti, wote, neno kwa neno, kama anasoma tangazo la ndoa kanisani. "...umelipa shilingi 200,000... salio lako jipya ni shilingi 1,660,000."

Hata chura alinyamaza.

Baba Junior alizichukua zile noti zake, akazifunga raba tena, taratibu, akaziweka mfukoni. Akabeba begi la mama yake. Hakusema kitu kwenye bajaji. Hakusema kitu kwenye Kosta. Kwenye treni alikaa karibu nami kwa sababu tiketi ndizo zilisema hivyo. Bibi alikuwa na chupa ya lita moja na nusu ya maji ya bahari mapajani, anawapelekea majirani zake Mpwapwa, na kila akipita mtu anamsimulia.

Tulipita Morogoro, tukapita Kilosa, tukaingia handakini. Giza. Ndani ya giza akaniuliza.

"Tangu lini?"

"2016."

Mwanga, kisha giza tena.

"2018 niliuza pikipiki ili tupaue," akasema. "Zilikuwepo?"

Ningeweza kudanganya. Nani angejua? "Zilikuwepo," nikasema. "Kama laki saba."

Ile pikipiki aliipenda. Alikuwa anaiosha kila Jumamosi. Baada ya kuiuza alipanda daladala miaka minne, na mimi nilimfungia chakula kwenye kibakuli kila asubuhi huku najua. Nilitaka kumweleza habari ya mama yangu na zile khanga, lakini habari ile anaijua, nilimsimulia wakati wa uchumba, na ndiyo kwanza nikaona kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa najilinda na yeye, mtu ambaye hajawahi kunifukuza hata jikoni. Akasimama, akaenda kukaa na mama yake mpaka Dodoma.

Siku mbili tulizungumza mambo ya sukari na sabuni tu. Jumanne usiku, watoto wamelala, akaja mezani na bahasha ya kaki. Ndani kuna nakala ya fomu aliyosaini na karatasi zake za mshahara tangu Januari, zote, ambazo alikuwa anazificha ofisini. Akaziweka mbele yangu, akakaa. Tukahesabu pamoja. Imebaki miezi tisa, yaani 1,665,000. Ukizichukua hela zangu zote zinalipa deni lile karibu lote, pungufu elfu tano. Tuliona wote wawili kwa wakati mmoja, na yeye ndiye wa kwanza kucheka.

Sikumpa. Hakuomba. Tulikubaliana kwamba nitalipa ada ya Junior ya muhula ule na nyama irudi Jumapili, na yeye na wale wadhamini wenzake waandike barua kwa chama kuuliza hisa na akiba za yule bwana zimekwenda wapi, maana hizo ndizo zilipaswa kuguswa kwanza. Kumbe hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameuliza.

Ile laini bado ninayo. Namba yake ameihifadhi kwenye simu yake, ameiandika "Hoteli". Namba ya siri hajaniuliza.